Jembe la ukutani: maneno yetu juu ya mashamba ya Annexe

Kila mwaka, siku vyama vyetu vya mila vinafanya sikukuu, kuna mambo yasiyokosa. Kuna ngoma, kuna munkoyo ndani ya ndoo ya plastiki, kuna viti vya wakubwa kule mbele, na nyuma yao, ukutani, kuna kitambaa kilichoandikwa «Mwacha mila ni mtumwa». Chini ya kitambaa wanapanga vitu vya wazee: kinu na mchi, kitunga, mtungi, na jembe. Kiisha mtu mmoja anasimama kusoma hotuba. Anasema wazee wetu walikuwa walimaji, walipenda udongo, na vijana wa leo wameacha jembe. Watu wanapiga makofi. Sisi pia tumepiga makofi mara nyingi. Tena hotuba mbili kati ya zile ni sisi tuliziandika.

Katika sikukuu moja ya hapa karibuni, iliyofanywa ndani ya sali ya kwartie moja ya Komini Annexe, wapangaji walikosa jembe. Walituma mtoto kwa jirani. Mama mwenye jembe alilileta mwenyewe, akakaa karibu na mulango mpaka mwisho. Tulifikiri anapenda ngoma. Watu walipoanza kutoka alisimama, akaenda moja kwa moja ukutani, akashusha jembe lake, akatuambia: «Muniachilie, balimu. Kesho saa kumi ya usiku niko mu njia, na kamyo haingojeake mutu.» Shamba lake liko kilometa zaidi ya makumi tatu kutoka pale. Na fashi tuliyosimama, ndani ya sali ile, mbele ilikuwa shamba la mahindi.

Hakuna mtu aliyesema neno hilo katika hotuba. Ndiyo sababu ya maandiko haya. Wengi wameandika juu ya mji wa Lubumbashi unaokula mashamba, na wengi wanalaumu mji. Sisi tunataka kulaumu kwanza hotuba, ni kusema kujilaumu sisi wenyewe, watu wa shule na wa vyama, juu tunatundika ukutani kitu ambacho hakijapotea, na kile kinachopotea tunakipita bila kukisalimia.

Mito na majina

Tutazame kwanza majina, maana mwalimu anaanza na majina. Mji wetu una komini saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba na Annexe. Nne kati yake, Lubumbashi, Katuba, Ruashi na Kampemba, zina majina ya mito. Jina la mto linatolewa na mtu anayechota maji pale, anayeloweka mihogo pale, anayevuka pale kwenda shambani. Lakini komini ya saba, ile kubwa inayozunguka zote zingine sawa mkanda, inaitwa kwa Kifaransa Annexe, kitu kilichoongezwa pembeni. Ndani yake kuna Kasungami, Kalebuka, Kisanga, Luwowoshi, Naviundu, Kimbembe, Kasapa. Majina hayo yote, kwa karatasi ya serikali, yako chini ya neno «nyongeza».

Nyongeza ya nini? Élisabethville ilianza mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka Rhodesia ilifika. Mbele ya mji, Walamba walikuwa wanalima hapa mtama ndani ya miombo: walikata matawi, waliyakusanya, waliyachoma, na walipanda katika majivu. Kisha miaka michache walisogea fashi ingine, na pori lilirudi juu ya shamba la zamani. Chefferie ya Kaponda, iliyo katika teritware ya Kipushi, inatukumbusha kwamba nchi hii ilikuwa na wenyewe mbele ya cheminé na reli. Kwa hiyo kama kuna kitu kilichoongezwa, ni mji ulioongezwa juu ya mashamba. Karatasi iligeuza kichwa chini.

Hata hivyo tusidanganyane. Mashamba ambayo sisi wa miaka makumi ine na zaidi tuliyaona Annexe kwa macho yetu si yale ya Walamba wa zamani. Mji ndio uliyazaa. Tangu siku za kwanza kampuni ya shaba ilipaswa kulisha wafanyakazi, na posho yao ilipikwa na unga uliotoka Rhodesia. Wabelgiji walijaribu, tangu mwaka 1911, kuleta walimaji wa kwao kukaa kandokando ya mji; wengi walishindwa, lakini wazo la kuzungusha mji na mashamba lilibaki. Bustani za mboga zilifuata mito, zikilisha soko. Wabelgiji walipopanga mji katika makomini kwa sheria ya mwaka 1957, mkanda wa nje ulikuwa tayari na kazi mbili: kulisha mji, na kungoja mji.

Hotuba zetu hazisemi hivyo. Zinasema: zamani kijiji, kiisha mji ukaja, na kijiji kikafa. Ni hadithi nzuri na fupi. Ila inaacha nje watu wengi, na kati yao wazazi wetu.

Njaa iliyotufanya walimaji

Wazazi wetu hawakuzaliwa na jembe mkononi. Wengi walikuwa wa kazi: Gécamines, reli, serikali, shule. Walipokea mshahara, na kwa watu wa kampuni kulikuwa posho. Kiisha mambo yalianguka. Mwezi wa tisa mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka. Gécamines, iliyotoa karibu tani 470 000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikufikisha tani 50 000 katika mwaka 1993. Mishahara ilichelewa, kiisha ilikuwa sawa hakuna. Kwa walimu, wazazi wa wanafunzi ndio walianza kuwabeba.

Tulikuwa watoto wa shule wakati ule. Tunakumbuka baba aliyevua shati la kola, akavaa suruali ya zamani, tukatoka wote na baiskeli moja kwenda Annexe. Jirani yetu karani wa reli alikuwa kule na jembe. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa kule. Tulijificha nyuma ya mahindi ili asione haya. Mahindi, kalanga, matembele, maboke: nyumba nyingi za Kenya na Katuba zilipita miaka ile kwa nguvu ya mashamba ya pembeni. Tangu mwaka 2000 hata FAO ilikuwa na mradi wa kusaidia kilimo cha mboga ndani na kandokando ya miji ya Kongo, na Lubumbashi ilikuwa mmoja wao. Ilikuwa kilimo cha njaa. Mtu asije leo kukiita mila ya mababu.

Lakini katika njaa ile wazazi wetu walipaswa kujifunza kitu ambacho ni mila kweli. Mama yetu hakununua shamba. Alienda kwa mzee mmoja wa kule, na kuku na kitunga cha unga. Hakusema anataka nini siku ya kwanza. Alisalimia, alikaa, akarudi. Mara ya pili mzee alitembea naye. Alimuonyesha mpaka: huku kichuguu kile kikubwa, huku mti wa mupundu, huku kijito. Alimuambia maji ya mvula yanapita wapi, na fashi gani usipande maharagwe. Watu wawili wa kule walikuwapo wakisikia. Kiisha akasema: «Lima. Siku unaacha, nchi inarudi.» Hapakuwa karatasi. Na miaka tisa hapakuwa ugomvi.

Namna shamba linageuka kwartie

Mwaka 2002 sheria mpya ya madini ilitoka. Mwaka 2003, kwa feza ya Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa ile waliyoita «kuondoka kwa mapenzi». Makampuni mapya yalikuja, watu walitoka vijijini kutafuta kazi, na waliopata feza kidogo walitafuta lupango. Komini za zamani zilikuwa zimejaa. Ilibaki mkanda wa nje.

Anayejua kutazama anaona kwartie inakuja miaka mbili mbele ya wengine. Kwanza kunakuja vijiti vidogo ardhini na mtu mwenye kamba ya kupimia. Kiisha wanaanza kuchimba kichuguu. Vichuguu vya huku kwetu ni vikubwa, vingine vinapita urefu wa nyumba. Mlimaji alikiacha pale juu udongo wake unapendeza mboga, juu nswa wanatoka mvula ya kwanza, na juu ni mpaka ambao hakuna mtu anaweza kuusogeza usiku. Mfyatuaji wa matofali anaona kitu kingine: udongo mzuri uliokusanywa tayari. Anachimba, anafyatua, anapanga tanuru, anachoma na miti ya pori iliyobaki. Kisha miezi michache kichuguu kimekuwa nyumba ine, na fashi yake ni shimo lenye maji. Mpaka umeondoka pamoja nacho.

Kiisha kunakuja kisima. Kiisha kanisa la maturubai, shule ya vyumba vitatu, mama wa kuuza unga kwa meka, kijana wa kuuza essence ndani ya chupa, na moto tano zinazongoja watu kwenye njia panda. Taxi-bus inafika wakati mabati yamekuwa mengi. Nguzo za umeme zinakuja nyuma kabisa, na mara nyingi wenye malupango ndio wanachanga kuzinunua. Siku ile watoto wanaanza kusema «kwetu ku Kasungami», «kwetu ku Kalebuka», bila kuongeza kwamba ni mbali.

Tusicheke maisha haya. Mwalimu aliyepanga vyumba viwili miaka kumi, akiogopa kila mwisho wa mwezi mgongano na mwenye nyumba, siku anafungua mulango wake mwenyewe anastahili pongezi. Tunajua, maana ni sisi.

Matembele

Tulinunua lupango letu mwaka 2009, katika kwartie moja ya Annexe. Muuzaji alikuwa na karatasi, karatasi ilikuwa na muhuri, na tulilipa mbele ya mashahidi wawili aliowaleta yeye mwenyewe. Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza tulienda na fundi kuchora msingi. Tulikuta mama mmoja wa makamo anapalilia mahindi yaliyofika magotini. Upande wa chini kulikuwa matembele mengi.

Tulimsalimia, tukamuonyesha karatasi. Hakuitazama. Alisema: «Mwalimu, mimi nililimaka hapa miaka kumi na moja. Banakuuzia nchi, ni muzuri. Banakuuzia na matembele yangu?»

Tulikosa jibu. Muuzaji alikuwa mtoto wa ndugu ya yule mzee aliyempa mama fashi. Mzee alikufa, mtoto akauza, mama hakuambiwa. Kwa sheria tulikuwa na haki. Fundi alikasirika, maana alikwisha kuleta watu. Tukamuuliza mama anataka nini. Hakudai feza. Alisema: «Kama unajenga, utajenga. Lakini acha kwanza nivune.»

Tulingoja mpaka mwezi wa ine. Kungoja kulitugharimu: mvula iliharibu matofali mabichi ya fundi, tukalipa hasara. Tunasema hivi ili msomaji asifikiri mila ni kitu cha bure. Siku ya mwisho mama alituletea kitunga cha matembele na kalanga, akatembea nasi ndani ya lupango, kama vile mzee alivyotembea na mama yetu zamani. Alionyesha upande wa chini: «Hapa maji inapitaka mwezi wa kwanza. Usijenge hapa.» Tulimshukuru. Kiisha tulifuata plani tuliyolipia, tukajenga jiko pale pale. Januari iliyofuata maji yaliingia jikoni mpaka kwenye magoti, yakabeba makala na sufuria.

Mama yule hatukumuona tena. Hatukumuuliza jina la kijito, wala jina la fashi. Alikuwa na miaka kumi na moja ya kusoma udongo ule kichwani mwake, na sisi, watu wa diploma, tulichukua matembele tukaacha masomo.

Kinachopotea

Hapo ndipo tunafika kwenye lawama yetu. Hotuba inasema jembe limepotea. Si kweli. Jembe liko, na linafanya kazi kuliko zamani. Tembea asubui sana kwenye njia za kutoka mjini, ya Likasi, ya Kipushi, ya Kasumbalesa, ya Kasenga: utaona wamama juu ya kamyo na majembe yamefungwa katika vitambaa. Ingia ndani ya malupango ya Annexe: kati ya ukuta na choo kuna lengalenga, kuna matembele, kuna muhogo wa sombe. Kilimo hakijafa. Kimesukumwa mbali ao kimebanwa pembeni, na wanaokibeba ni wamama, wale wanaokaa karibu na mulango siku ya sikukuu wakingoja kurudishiwa jembe lao.

Kinachopotea ni ile namna ya kuomba nchi na kuipokea: kwenda mara mbili, kutembea mpaka pamoja, kuwa na mashahidi wa pande zote mbili, kumuacha aliyepanda avune, kusikiliza anayejua maji yanapita wapi. Hiyo haiwezi kutundikwa ukutani. Haina rangi, haichezwi na ngoma. Kwa hiyo vyama vyetu havina shida kuiacha. Ni rahisi kusifu jembe kuliko kumuuliza mtu aliyeuza lupango mara mbili, hasa kama mtu yule amekaa kwenye kiti cha mbele.

Na mara nyingi amekaa pale. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 1973 ilisema katika kifungu cha 387 kwamba nchi zinazokaliwa na jamii za wenyeji zinakuwa mali ya serikali. Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki za wale wanaozitumia zitapangwa na amri ya Rais wa Jamhuri. Amri ile ilingojewa makumi ya miaka. Katika ufa ule kila mtu aliingiza mkono wake. Mtu wa ofisi anauza kwa jina la serikali. Mtu wa ukoo anauza kwa jina la mababu. Mtu wa katikati anauza kwa jina la wote wawili, na lupango moja linapata wenyewe watatu. Wakubwa wa mila tunaowaita walinzi wa nchi, wamoja wao walilinda kweli, na wamoja walikuwa wauzaji wa kwanza. Kabila la mlinzi ni moja na la muuzaji. Mavazi ya sikukuu ni yale yale. Hotuba inayosifu mila bila kutenganisha hao wawili inamsaidia wa pili.

Wanaotupinga

Rafiki mmoja, mwalimu sawa sisi, alisoma maandiko haya mbele hayajachapwa. Akasema: «Munalilia shamba, na munakaa ndani ya nyumba.» Ana haki. Akaongeza: mji una watu zaidi ya milioni mbili, watalala wapi? Na mlimaji aliyeuza kipande chake alilipa hospitali ya mtoto, alinunua baiskeli; nani kamwambia abaki maskini ili sisi tupate ukumbusho mzuri? Na tena, udongo wa pembeni si safi sawa hotuba zinavyosema. Hilo pia ni kweli. Utafiti uliotangazwa mwaka 2009 na waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven ulikuta kobalti nyingi sana ndani ya mikojo ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Na mwezi wa kumi na moja mwaka 2025 maji machafu ya kiwanda cha madini yalimwagika katika kwartie za Annexe, yakapita mbele ya nyumba za watu. Mboga inayomwagiliwa na maji ya namna ile, utaitundika ukutani kama mila?

Tunakubali yote. Hatuombi shamba libaki shamba kwa nguvu. Mji unakua, na hakuna chama cha mila kinachoweza kuuzuia. Tunasema kitu kidogo kuliko hicho: kwamba shamba linaweza kugeuka kwartie bila kumgeuza mlimaji kuwa mwizi ndani ya matembele yake mwenyewe. Rafiki yetu anauliza watu watalala wapi. Sisi tunaongeza: na yule aliyekuwa pale, amelala wapi? Katika masikukuu yote tuliyohudhuria, hatujasikia mtu akiuliza.

Swali la mwanafunzi

Tunafundisha katika shule moja ya Annexe. Kila mwaka programu inatuletea insha ya zamani: «Kijiji na mji». Sisi tulikwisha kuiandika utotoni, na tunajua majibu: kijijini hewa safi, watu wanapendana, wanalima, mjini kelele, wizi, kila mtu kwa ajili yake. Mwaka mmoja mtoto wa darasa la pili la sekondari aliinua mkono: «Mwalimu, sisi tuko mu kijiji ao mu mji?» Wenzake walicheka. Nje ya dirisha kulikuwa taxi-bus inapiga honi, na nyuma yake mahindi ya mtu.

Tulimjibu kwa maneno mengi, ni kusema hatukumjibu. Siku ile tuliona kwamba insha yetu na hotuba ya sikukuu ni kitu kimoja. Zote mbili zinaweka kijiji huku na mji kule, na mtoto anayezaliwa katikati hana fashi ya kusimama. Lakini katikati ndiko wengi wa mji huu wanaishi sasa. Kama mila zetu haziwezi kusema neno kwa mtu wa katikati, ni kitambaa tu.

Tangu mwaka ule tumebadili insha. Tunawatuma wanafunzi kuuliza nyumbani na kwa jirani: lupango lenu lilikuwa nini mbele? Nani alilima? Kijito kinaitwaje? Wengine wanarudi bila kitu. Mmoja alileta majina ya vichuguu vitatu ambavyo havipo tena. Mwingine aliambiwa na baba asiulize mambo ya lupango, na tulielewa. Msichana mmoja aliandika mistari mine tu: mama yake analima kila mvula shamba la kukodi, mbali, na lupango lao lilikuwa shamba la mama wa rafiki yake, ambaye anakaa benchi moja naye. Tulimpa pointi zote.

Tunachoomba

Chama chetu kinaweza kufanya mambo matatu, na hakuna moja linaloomba feza nyingi.

La kwanza: kuandika. Kila kwartie ya Annexe ina wazee, na zaidi wamama, wanaojua majina ya vijito, ya miti, ya mipaka ya zamani, na nani aliomba nchi kwa nani. Kitabu kidogo kama hiki kinaweza kubeba majina ya kwartie moja kila mwaka. Wale waliopoteza jiko kwa maji watajua faida yake.

La pili: kurudisha mavuno katika mapatano. Mtu anayeuza na anayenunua wanaweza kuandika mstari mmoja ndani ya karatasi yao: aliyepanda atavuna mbele ya msingi, na atakuwa mmoja wa mashahidi. Sheria haikatazi. Mashahidi wa pande zote mbili ni mila ya kweli. Mashahidi wa muuzaji peke yake ni biashara. Na kando ya mito, pale maji yanapita, tuache bustani za mboga, kama maji ni safi, kuliko kuuziana nyumba za kuzama.

La tatu ni la hotuba. Mwaka ujao tusitundike jembe. Tumuombe mwenye jembe akae kiti cha mbele, na mbele ya ngoma aulizwe mambo mawili: analima wapi sasa, na alilima wapi zamani. Kama fashi ya zamani ni ile tuliyokalia, tulisikie neno lile wote pamoja, na wakubwa pia. Na tusimuweke sana, maana saa kumi ya usiku kamyo yake inaondoka.